Sakafu Waliyopikia Maharagwe

Alfajiri hapa Yeoville, mtaa wetu wa ugenini, kabla teksi hazijaanza kupiga honi, nyumba ile huja. Sijui niite ndoto. Macho yangu yako wazi, naona dari ya fleti ilivyoota ukungu, lakini mgongo wangu umelala kwenye veranda yetu juu ya ziwa, na mawingu yanapanda ngazi taratibu kama mgeni asiyetaka kuamsha watu. Harufu ya nta inafika kwanza. Halafu nasikia buti za mpira.

Aliijenga Mgiriki mmoja muuza kahawa, enzi za wakoloni. Mume wangu aliinunua kwa mjane wake, na nadhani aliipenda ile sakafu kuliko alivyonipenda mimi. Vipande vidogo vidogo vya mbao, vimepangwa kama mkeka uliosukwa. Kila Jumamosi tuliipaka nta mpaka taa ikawa inajiona chini. Shule niliacha darasa la nne, lakini nyumba najua kuitunza.

Askari wa vita vile walivyoviita vya ukombozi walifika wakati wa mvua. Vijana tupu, ndevu hawana, buti za mpira miguuni. Geti walifunguliwa na mdogo wake mume wangu. Namsema kwa sababu mpaka leo kodi ya nyumba ile anaila yeye. Kamanda akazunguka vyumba vyote, akasema ukombozi utalala hapa. Kuni zilikuwa zimelowa, basi wakang'oa sakafu. Walianzia sebuleni, wakaja ukumbi, kipande kwa kipande, wakapikia maharagwe. Moshi ulinukia nta, nyumba nzima ikawa kama kanisa lenye mishumaa, na wale watoto wenye bunduki wakipita humo ndani polepole, kama wanaogelea. Nilikula maharagwe yale. Yalikuwa matamu, na hilo linaniudhi mpaka sasa.

Asubuhi moja kamanda alisema wanawake na watoto tupande mlimani kwa ndugu zetu. Mume wangu abaki kidogo, wana mazungumzo. Sikumwona tena.

Nikaishia huku, cherehani yangu kwenye kona ya saluni. Kwetu mtu hafanyiwi matanga, hakuna anayelia msiba wake, mpaka apatikane aliyekiona kifo. Kila nilipopiga simu nyumbani, shemeji mkubwa, kaka yake mume wangu, alikuwa na jibu lile lile: "Hatulii mtu aliye hai." Na mtu aliye hai mali yake haigawanywi. Miaka ikaenda, mimi si mke, si mjane. Msusi mwenye saluni, mwanamke wa kwetu, alikuwa ananitania mbele ya wateja.

"Mama, huyo mume wako ni Bwana Yesu? Kila siku tunamngoja tu."

"Yesu aliaga kwamba atarudi," namjibu. "Wangu hakuaga."

Wateja wanacheka, na mimi nacheka, nakanyaga cherehani.

Ndipo siku moja akaja mzee wa kanisa letu, yule tunayemwita Papa kwa heshima. Yeoville nzima tunajua kwamba kwenye vita yeye ndiye aliyekuwa anawafundisha askari siasa, tena kwenye chumba changu cha kulia. Miaka yote ananisalimia Jumapili kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Alivuta kigoda cha wateja akakaa.

"Mama, nyumba yenu kule wanaifanya nyumba ya historia. Wanatafuta picha yake ya zamani. Nasikia uko nayo."

"Niko nayo. Ya harusi."

"Utupatie. Itakuwa heshima kwa familia. Nyumba iliyojitoa kwa ukombozi."

"Nyumba haina mdomo, Papa. Ilijitoaje?"

Akacheka kidogo. Msusi akapunguza redio ili asikie vizuri.

"Picha nitakupa," nikamwambia. "Lakini kwanza uje kwangu Jumamosi, usimame mbele ya watu, useme ulichokiona. Nataka kufanya matanga."

"Mama, mambo ya vita..."

"Basi historia yenu ikae bila picha."

Alikuja. Fleti ilikuwa imejaa, viti tumeazima kanisani, akina mama wamejifunga vitenge kiunoni. Hakuna aliyelia, kwa sababu ruhusa ya kulia ilikuwa bado. Picha niliiweka mezani, uso chini, na pembeni yake simu, shemeji mkubwa anasikiliza kutoka nyumbani. Mzee akasimama na koti lake la Jumapili. Akasema kamanda alitoa amri, askari wawili wakampeleka mume wangu nyuma ya jiko, kwenye mikaratusi, wakampiga risasi. Kosa lake, aliwakatalia wasing'oe sakafu ya chumba cha watoto.

Kwenye simu shemeji alikohoa. Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Papa, una moyo," mwingine akamletea maji, na nikaona wameanza kumsifu yeye.

Hapo nikasimama nikawataja. Kamanda, kwa jina na cheo chake. Shemeji mdogo na geti lake. Nikamgeukia mzee, naye nikamtaja jina lote, la baba na la ubatizo.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini pale?"

"Mimi bunduki sikuwa nayo, Mama. Nilishika mwavuli tu. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Ulikuwa unamfunika nani?"

"Kamanda."

"Na mume wangu?"

Aliitazama ile picha iliyolala uso chini, mpaka mvua ile ikaingia fletini. Niliisikia kabisa ikipiga bati la jiko letu, nikaiona inashuka kwenye mikaratusi, nyembamba, bila haraka.

"Alikuwa analowa, Mama."

Msusi ndiye aliyeanza. Alipiga yowe moja refu, nami nikalifuata.