Nilivyopatikana Nyuma ya Magunia ya Chekechea

Wenzangu, aibu hii niliitafuta mwenyewe. Tulipohama Tlawi kwenda shamba la ngano karibu na Basotu, nilikoajiriwa udereva wa trekta, binti yetu Paskalina alinyamaza. Alijua Kiiraqw tu, na Kiswahili cha watoto wa kambini kilimtisha. Mke wangu akampeleka chekechea ya pale kambini. Mimi nilitaka aende kwa katekista, akariri herufi kwa fimbo kama nilivyofundishwa mimi.

"Huko chekechea wanacheza tu," nililalamika.

"Nenda kwanza ukaone, Baba Paskalina," mke wangu akanijibu.

Nikaenda, lakini kwa kunyemelea. Nikachuchumaa na ovaroli langu la kazi nyuma ya rundo la magunia, nimkamate mwalimu akizembea. Sikujua kwamba watoto walikuwa wanacheza kombolela, na kwamba zamu ya kutafuta ilikuwa ya binti yangu. Ghafla magunia yakavutwa.

"Mwalimu!" Paskalina akapaza sauti, kwa Kiswahili ambacho nilikuwa sijawahi kumsikia akikisema. "Nimempata baba! Na yeye anacheza!"

Watoto wakashangilia. Mwalimu, mama mtu mzima, akaja na kusimama mbele yangu.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema, bado nimechuchumaa.

"Marahaba, Baba Paskalina. Ukipatikana, wewe ndiye unayetafuta. Haya, fumba macho."

Nikafumba upesi, nikishukuru, maana machozi yalikuwa yameshaanza kunitoka.