Maharage ya Bei ya Wastani

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Kilosa, na juzi niliumbuka. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Ulaya, si ng'ambo bali kile kijiji cha wilaya yetu hii, nikataka kumkirimu bila kuumia mfukoni. Nikanunua kilo moja ya maharage mapya kwa elfu tatu, na kilo tatu za maharage ya mwaka jana kwa elfu mbili kila kilo. Nikayachanganya: wastani elfu mbili mia mbili hamsini kwa kilo. Nikabandika mwenyewe, na baada ya shikamoo nikamweleza mgeni hesabu yote kwa madaha.

Mezani, mapya yalikuwa yamerojeka, ya mwaka jana magumu kama changarawe. Mama akatafuna taratibu, akasogeza sahani.

“Baba Neema, ya elfu tatu nimeshakula, ahsante. Haya ya elfu mbili nifungie, nikaendelee kuyachemsha Ulaya.”