Ngoma ya Somo Wangu Niliyompa Mfaransa

Jamani, kosa ni langu. Nitukaneni, lakini nisikilizeni kwanza.

Mimi ni mwimbaji kwenye bendi kubwa ya jazz hapa London. Kiongozi wetu ni mpiga dramu, mzee wa Kifaransa. Ujanani alipigia bendi za watu huko kwao, kisha akaja huku akaunda yake, magazeti yakamsifu. Miaka ya karibuni sifa zilikuwa zimepoa, nami nikamwonea huruma. Hapo ndipo nilipoponzeka!

Siku moja ya mazoezi, kwenye ukumbi wa kanisa Tottenham, akaniambia, "Play me something from home." Kichwa changu kibovu! Nikampigia mezani ngoma ya unyago, ile niliyofundishwa na somo wangu kule Tanga nilipovunja ungo. Mwanamume haruhusiwi kuisikia, na nilimwambia hivyo. Akaweka mkono kifuani: "It stays between us."

Nikamwamini. Mtu aliyenifundisha kusimama jukwaani, ningemshuku vipi?

Likaja onyesho la kuadhimisha maisha yake ya muziki. Nikamwalika somo wangu, ambaye siku hizi anaishi Hounslow kwa mwanawe. Alivaa khanga mpya ndani ya koti. Nilitaka aone nilipofika.

Mfaransa akashika maiki, akasema wimbo unaofuata ulimjia ndotoni. Kisha akaipiga. Ile ile! Matarumbeta yakaidaka, wanaume ukumbi mzima wakaifuata kwa makofi, nami nimesimama pale nimekauka. Somo akajifunika mtandio, akatoka.

Nilimvaa yule mzee nyuma ya jukwaa. "But you gave it to me, my dear," akajibu, huku anajifuta jasho. Niliumia, jamani! Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini nguo niliivaa mwenyewe.

Nikamkuta somo kituo cha basi.

"Siri ile si yangu wala si yako," akasema. "Ni ya waliotutangulia. Umeianika."

Binti yangu naye kavunja ungo mwaka huu. Kiingereza tupu mdomoni, lakini alikuwa anahesabu siku za kwenda Tanga pamoja na somo, anayemwita bibi, akachezwe naye. Somo amekataa katakata: "Mtafutie mwingine."

Dada zangu mlio ughaibuni, mtu akiwapenda mlisheni, mpeni hata pa kulala. Mlichokabidhiwa msimpe.

Tangu nilipotolewa ndani, somo hakuwahi kuniita ila "mwari wangu". Juzi nimempigia simu, kaniita kwa jina.