Bibi Alisubiri Sehemu ya Pili

Mwezi uliopita nilikwenda Usagara, Tanga, kuiangalia nyumba ya bibi, maana nyumba isiyo na mtu hubomoka upesi kuliko yenye watoto kumi. Sijamaliza hata kufagia ukumbi, nikasikia hodi. Vijana wawili, nguo safi, adabu tele. Waliniamkia shikamoo mara tatu, na mimi mtu nisiyemjua akiniamkia mara tatu najua ana lake jambo.

Walikuwa watu wa filamu. Walitaka kuiazima nyumba kwa siku nne. Nikawauliza, katika nyumba zote za Tanga, kwa nini hii yenye dari inayovuja? Wakatazamana, na yule mdogo akatabasamu.

"Mama, nyumba hii mbona inajulikana. Tumeiona mtandaoni, kwenye ile filamu ya zamani. Si ndiyo ya yule bibi mchawi?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeulizia nyumba ya fundi cherehani. Niliwaambia nitafikiri, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kigoda na ufagio mkononi, na hasira niliyodhani nimeshaizika zamani ikanipanda upya.

Sasa wewe nikusimulie yote, uamue mwenyewe. Lakini nakuonya mapema kwamba katika habari hii hata mimi si msafi.

Nililelewa na bibi mzaa mama tangu nikiwa na miaka minne. Alikuwa mpika vitumbua, na usidhani ni kazi ndogo. Mchele uliloweshwa tangu jana yake, ukatwangwa, ukatiwa tui la nazi, hamira na iliki, na alfajiri nilikuwa naamshwa na harufu kabla ya adhana. Kazi yangu ilikuwa kuosha mchele na kuwafukuza kuku wake, ambao walikuwa na tabia ya kuingia ndani kama wapangaji. Watu walikuja na mabakuli yao kutoka mitaa ya mbali, na wa Pongwe waliagiza. Bibi alikuwa akisema biashara ya chakula ni biashara ya jina, kwamba mtu akila kitumbua anakula mkono uliokipika.

Na kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, alitia makaa kwenye chetezo chake cha udongo, akanyunyizia ubani, akazunguka vyumba vyote akiwaombea marehemu wetu. Hakuwa peke yake. Saa ile mtaa mzima ulinukia ubani, na hata ungepita umefumba macho ungejua leo ni siku gani.

Watu wa filamu walikuja nikiwa na miaka kumi. Enzi zile filamu zetu za Kiswahili ndiyo kwanza zimeshika moto. Zilitoka kwenye kanda, zikauzwa zikiwa na picha ya mtu analia kwenye kava, na sisi tusiokuwa na video nyumbani tuliziona kwenye banda la mtaani, tumebanana kwenye mabenchi. Aliyewaleta kwetu ni mwenye banda mwenyewe. Dairekta alikuwa mtu wa Dar, mrefu, havui miwani ya jua hata akiwa ndani. Alitaka nyumba ya zamani na bibi wa kweli, si kijana aliyepakwa chokaa kichwani.

Bibi hakumwamini tangu mwanzo. Alimkalisha barazani akamhoji kama kadhi.

"Picha yenyewe itaonwa na nani? Na mie humo n'takuwa nani?"

"Utakuwa mtu mwema, bibi. Mke wa mwanao anaumwa, wewe unamfukizia ubani na kumwombea dua. Sehemu ya kwanza watu watakushuku kidogo, lakini sehemu ya pili mbaya anajulikana, na wewe unatoka msafi."

"Kwani lazima nishukiwe?"

"Ndiyo utamu wa filamu, bibi."

Bibi akasema utamu huo hautaki. Niliyemponza ni mimi. Nilitaka nyumba yetu ionekane bandani ili wenzangu shuleni wanione mtu, basi nikalia siku mbili na kugoma kula. Siku ya tatu alichoka. "Haya, waite hao watu wako," aliniambia. "Lakini yule bwana siyaoni macho yake, na mtu afichaye macho ana jengine alifichalo." Niliondoka mbio kabla hajabadili mawazo.

Walipiga picha siku tatu, na hapo ndipo nilipojua kwamba filamu inajengwa kwa uongo mdogo mdogo ambao kila mmoja ukiutazama peke yake hauna dhara. Walitundika mablanketi madirishani saa tisa mchana, wakapata usiku. Yule dada mwigizaji aliyekuwa mgonjwa alikuwa mzima kabisa na asubuhi amekula vitumbua saba. Walimpaka usoni unga wa mchele wa bibi, akawa mtu wa kuzikwa kesho. Machozi yalitoka kwenye kitunguu. Alikufa Jumanne na Jumatano wakamwuguza, kwa sababu hawapigi picha kwa kufuata hadithi, wanafuata mwanga na nani amefika. Mambo yanakuja kupangwa baadaye, huko Dar, na mtu ambaye hata kwenu hakufika.

Alhamisi bibi alifukiza. Kwake halikuwa igizo. Alisema maadamu siku imeangukia yenyewe, atafanya kweli, na akawaombea marehemu wetu kwa majina, babu kwanza. Kamera ikamsogelea mpaka midomoni. Kisha, wakiwa bado wanapiga, kuku mmoja mwekundu niliyesahau kumfungia akaingia, akaruka kitandani, akatua kifuani mwa mgonjwa. Marehemu mtarajiwa alipiga ukelele akakimbilia uani na unga wake usoni. Bibi akacheka. Alikuwa na pengo mbele, na kicheko chake kilianzia tumboni. Alicheka mpaka akaweka chetezo chini akashika mbavu. Mimi nilikuwa mlangoni, niliyaona yote, na niliona pia kwamba kile kitaa chekundu cha kamera hakikuzimwa. Sikulitilia maanani.

Ilipita miezi mingi hata tukasahau. Filamu ikafika Tanga wakati wa Idd, na mwenye banda akaitangaza mtaa mzima kwa kipaza sauti. Alasiri ya Idd Pili bibi alivaa kanga mpya, akawekewa kiti mbele kabisa, sisi wengine tukakaa kwenye mabenchi nyuma yake. Nyumba ilipotokea watu walipiga makofi. Bibi alipotokea walipiga vigelegele. Kisha ikaja Alhamisi yetu. Sauti ya dua walikuwa wameifuta, wakaweka ngoma na upepo. Midomo ya bibi ikawa inacheza bila maneno, kukawa na moshi, macho yake, mgonjwa anakata roho, halafu kile kicheko. Bibi, uso mzima, pengo na yote, anacheka mbele ya maiti.

Nyuma yangu mwanamke mmoja alisema polepole, "Audhubillahi." Nikasikia benchi la mbele linasogezwa nyuma, mbali na kiti cha bibi. Maandishi yakaja kusema ndio mwisho wa sehemu ya kwanza. Bibi alisimama, akajitanda kanga yake vizuri, akawageukia.

"Hino ni sehemu ya kwanza," alisema. "Subirini ya pili."

Kesho yake tulipika kama kawaida, na mpaka saa nne sinia lilikuwa bado limejaa. Hakuna aliyekuja kututukana, watu wa Tanga wana adabu zao. Huyu alipita akasema leo tumbo halimpi nafasi, yule akasema kwake wamechemsha mihogo. Yaliyosemwa pembeni yalitufika baadaye: mtu hawezi kuigiza vile kama hana lake, ona alivyokishika chetezo kizoefu. Nani mtaa ule hakushika chetezo kizoefu? Lakini jambo walilolifanya wenyewe kila wiki, walipoliona kwenye kioo likipigiwa ngoma, likawa uchawi. Alhamisi zilizofuata niliona madirisha yanafungwa kwanza ndipo ubani uwashwe, kila mtu akichelea jirani asije akamdhania.

Aliyeendelea kununua ni mama mmoja wa Kisambaa, Mlutheri, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyeuza mboga za kutoka Lushoto. "Mimi nimekula hivi miaka sita," alimwambia bibi. "Kama ni uchawi umeshanikolea, niongezee vitatu." Yule mama nampenda mpaka leo.

Na mimi je? Shuleni walinizunguka wakati wa mapumziko. "Bibi yako ni mchawi kweli?" Nilikuwa na jibu, tena mtaa mzima nilikuwa nalo peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama pale mlangoni. Ningesema kuku. Neno moja tu.

Nikasema, "Sijui."

Nikwambie jambo baya zaidi. Sikuwa nadanganya kabisa. Niliiona ile filamu mara ya pili na ya tatu, kwa kujipenyeza bandani, na kila nilipoiona kuku alizidi kunitoka kichwani, kicheko kikabaki. Nilianza kuitazama mikono ya bibi ikikanda. Nilianza kumwambia nimeshiba shuleni. Alinipakulia, akaiona sahani haijaguswa, akaifunika kawa bila kuniuliza kitu. Neno langu la shuleni lilikuwa limeshamfika, Usagara neno halilali njiani.

Yeye alisubiri. Kila alipopita mwenye banda, bibi alimwuliza habari za sehemu ya pili. Mara bado inakatwa. Mara msambazaji wa Dar hajaridhika. Mara huyo msambazaji ndiye aliyetaka kile kicheko kiwekwe, dairekta hakuwa na la kufanya. Mara dairekta kasafiri. Mtu akinipa sababu moja naweza kumwamini, akinipa nne naanza kushika mkoba wangu. Mpaka leo sijui kama sehemu ya pili iliwahi kuandikwa hata ukurasa mmoja, au ilikuwa pipi tu ya kumnyamazishia mzee. Vitumbua vikafa. Bibi akahamia kwenye ukili, akisuka barazani na kumpa mtu akamuuzie sokoni, kwa sababu anayenunua mkeka haulizi nani kausuka.

Nilikuwa sekondari, nimekuja likizo, ndipo aliponiuliza. Tulikuwa tumekaa barazani, yeye na ukili wake, mimi na kitabu.

"Wee siku ile ulikuwapo," alisema. "Ulimwona kuku?"

"Nilimwona, bibi."

Mikono yake ikasimama kidogo. "Basi. Maana n'lianza kudhani n'liota."

Akaendelea kusuka. Mimi nilikuwa na maneno ya kumwambia, nikayameza, nikasema kimoyomoyo nitayasema likizo ijayo. Likizo iliyofuata nilikuta watu wamejaa uani. Waliokuja kumzika ni wale wale waliokuwa na tumbo lisilowapa nafasi, na walilia kweli, siwezi kuwasingizia. Niliwatazama mmoja mmoja, nikitafuta wa kumchukia, lakini kila nilipofika kwenye uso wa mtu nilijikuta nimefika kwangu.

Wale vijana wa filamu walinipigia siku ya tatu tangu waje. Niliwaambia nyumba haitoki. Kwa jinsi yule mdogo alivyoharakisha kuaga nilielewa alichoelewa: nyumba ile ina mambo, mjukuu anaficha. Pengine watatengeneza filamu juu ya hilo.

Mchana ule niliitafuta ile ya zamani kwenye simu, nikaipata. Picha imefifia, rangi zimeingiliana. Banda lililoionyesha sasa ni duka la vifaa vya simu. Mama wa Kisambaa amerudi kwao milimani. Alhamisi ya wiki ile nilikaa uani tangu alasiri mpaka magharibi, na sikusikia harufu ya ubani hata ya nyumba moja. Waliokula vitumbua vya bibi wamekwisha au wametawanyika, na wanaomjua leo wanamjua kwa zile dakika chache, wako Mwanza, wako Mombasa, wengine wako nchi ambazo yeye asingeweza kuzitaja. Chini ya filamu wameandika maoni. Mmoja anasema huyu bibi hata haigizi. Mwingine anasema Tanga bwana, msiichezee. Wengi wanauliza sehemu ya pili iko wapi.

Nikaandika. Nilifuta mara kadhaa, mwisho nikaiacha hivi: "Mimi ni mjukuu wake, na nilikuwapo. Hapo alikuwa anawaombea marehemu wetu, na kilichomchekesha ni kuku aliyeruka kitandani. Hakuwa mchawi. Sehemu ya pili ndiyo hiyo." Nilibonyeza kutuma, kama mtoto anayepeleka shitaka kwa mwalimu mkuu.

Jibu lilikuja chai yangu haijapoa. "Kumbe ni ukoo mzima," ameandika mtu nisiyemjua, na mbele yake ameweka vikatuni vitatu vinavyocheka.

Nilitaka kumjibu, nikairudisha filamu nyuma ili niwe na ushahidi kamili. Bibi akatokea, uso mzima, anacheka. Nikaitazama tena, na tena, na kwa muda, Mungu anisamehe, nilimtafuta yule kuku nisimwone.