Fundi wa Kimanga na mikono iliyokuwa ikigeuka ukungu

Saa kumi jioni, mawingu yanateremka kutoka milimani na kuufunika mtaa wa Kimanga, mjini Uvira. Ndani ya kibanda chake cha kompyuta, Noella Uwayezu anapunga rula mbele ya kamera, kushoto, kulia, kushoto tena. Rula inaonekana vizuri kwenye skrini. Anamwashiria mteja wake aketi.

Mteja huyo ni Evariste, fundi cherehani wa mtaa wa Songo, kiziwi tangu utotoni. Kila Jumamosi huja kuzungumza kwa lugha ya alama na dada yake Délice, kiziwi mwenzake, anayeishi Kigoma.

Noella, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, hufufua kompyuta kuukuu zilizotupwa na ofisi. Huzitia mfumo wa Linux, usiohitaji mashine yenye nguvu. Alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza.

Lakini kamera ndiyo iliyomtoa jasho.

Mwaka jana, siku ya mvua, Evariste alikuja kumpa dada yake habari njema: mama yao, Kankindi, alikuwa ametoka hospitali, amepona. Umeme ulikuwa umekatika, kompyuta ilitumia betri, na kibanda kilikuwa na taa moja ya betri. Kwenye skrini, mikono ya Evariste ilivutika kama moshi. Délice aliona alama ya mama, akaona ya hospitali, kisha ukungu mtupu. Akadhani mama amekufa. Alifunika uso akaanza kulia, na hapo mtandao ukakatika.

Evariste alituma ujumbe wa simu. Ulichukua saa nzima kufika, na saa hiyo yote Délice alimlilia mama aliye hai.

"Usiku ule sikupata usingizi," anasema Noella. "Watu wenye kusikia, picha ikiharibika wanaendelea kusema. Yeye, mikono ndiyo sauti yake. Minye ndiye nilimukata sauti."

Alidhani kamera ni mbovu, akatafuta nyingine. Ukungu ukawa uleule. Akaleta taa ya umeme yenye mwanga mkali zaidi, mistari ikaanza kupita kwenye picha. Siku ya nne alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaita programu ya v4l2-ctl, inayoorodhesha mipangilio yote ya kamera. Ndipo akagundua kilichokuwa kikitendeka.

"Kukiwa giza, kamera inaacha jicho wazi muda murefu ili ikusanye mwangaza," anaeleza. "Muntu akitulia, picha inatoka muzuri. Akisongesha mikono, iko inachora njia yote mikono imepita."

Aliizuia kamera isijipangie yenyewe, akaufupisha muda wa jicho kuwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Picha zilizokuwa saba kwa sekunde zikafika ishirini na tano. Ukungu ukaondoka, na mistari nayo, kwa kuwa muda huo ulilingana na mapigo ya taa ya umeme, ila giza likazidi. Alipoongeza uwezo wa kamera kuhisi mwanga, picha ikajaa chenga. Mwishowe alikigeuza kiti cha mteja kisiupe mlango mgongo, akaweka taa mbili za betri mbele, akatandika shuka jeupe mezani liirudishie mikono mwanga.

Kesho yake mipangilio yote ilikuwa imefutika, kwani kamera ile ikichomolewa husahau. Akaandika maagizo machache yanayojiendesha kila inapochomekwa.

Jumamosi iliyofuata Evariste alikuja na mama yake. Kankindi aliketi mbele ya taa, akapunga mkono. Délice aliisogelea skrini. Kisha akauliza kwa alama mama amekula nini asubuhi. Evariste alipomfikishia swali hilo, Kankindi alicheka mpaka akapangusa macho.

"Mutoto alikuwa amekwisha kunizika," anakumbuka Kankindi. "Huyu Noella ndiye alinirudisha kwake."

Leo wateja viziwi ni kumi na tisa. Wengine hutoka Luberizi, kwenye mashamba ya mpunga, na safari huwamalizia siku nzima ya kazi. Kwa hiyo Noella ameandaa kompyuta mbili na kamera zake, azipeleke huko kabla ya mavuno. Kanisa moja limekubali kutoa chumba chenye dirisha kubwa. Atakayekisimamia ni Pélagie, mkulima kiziwi ambaye kwa miezi miwili amekuwa akija kujifunza.

Noella hafikirii kumwekea mkalimani.

"Pélagie ndiye atakuwa fundi wa kule," anasema. "Akikwama, ataniita kwa kamera, na minye nitamujibu kwa mikono. Alama ninazojua zimefika mia mbili, na zingine iko ananifundisha yeye."