Picha ya Fundi Ukutani, Fundi Nje na Mkate Wake

Na bado wanasema ati Pesamino ndiye hana adabu! Yeye! Mtu aliyefunga mapaa ya nyumba za mikutano za vijiji kumi na kimoja hapa kisiwani Savaii, bila msumari hata mmoja, kwa kamba za makumbi ya nazi tu, alizosokota mwenyewe pajani mpaka paja likaota sugu. Wajukuu hulipiga kofi wasikie linavyolia kama mlango.

Hoteli mpya inayojengwa ilimfuata yenyewe, awafungie paa la ukumbi. Mbunifu wao, Bi Philippa wa Sydney, alikuja na tableti na maneno matamu: "Mzee, mgeni akiingia tu, ahisi historia yenu." Pesamino akakubali. Macho yanaanza kuchoka, akataka hilo liwe paa lake la mwisho la maana, libaki na jina lake.

Sasa hiyo historia! Bakuli la kava, kinywaji chetu cha heshima, lile ambalo wakubwa wakilizunguka hata mbwa hunyamaza, wamelitoboa kitako wakalifanya sinki. Mgeni atatemea dawa ya meno humo. Boriti zimekazwa kwa bolti. Kamba ni ya kuzungushia juu, bolti zisionekane. Siku ya tatu Philippa akatazama juu, akakunja uso.

"Umefunga vizuri mno, Mzee. Ichakaze kidogo, ionekane ya kale."

"Mama, ya kale ndiyo iliyofungwa vizuri. Iliyofungwa vibaya ilishaanguka."

Mpwa wake Uelese, aliyekuwa akifunga naye, nusura aanguke ngazini kwa kucheka.

Halafu chakula. Kwetu ukimwita fundi wa nyumba, unamlisha: nguruwe, magimbi, samaki, na wa kwanza kunawa ni yeye. Si hisani hiyo, ni haki yake. Hoteli iliwapa mkate na kipande cha jibini, wakale nyuma kwenye jenereta. Mkewe Malaea alimsubiri kila jioni.

"Karibu, chifu wa jibini! Leo mchuzi ulikuwa moshi tena?"

Pesamino aliyameza yote kwa ajili ya lile paa.

Mara wakampiga picha, wakaichapa mita tatu, wakaitundika ukumbini na maneno ya dhahabu: MLINZI WA UTAMADUNI. Mchana huohuo mvua ikamwagika, kule kwenye jenereta kukafurika. Pesamino akaketi sakafuni chini ya picha yake, akafungua mkate.

Philippa akaja mbio. "Mzee, hapana! Watu wa jarida wako mlangoni!"

"Nile wapi?"

"Nyuma, tafadhali. Unaharibu mandhari."

Pesamino akamtazama yule Pesamino wa ukutani. Yule hakuambiwa atoke. Akapanda ngazi, akakata kamba pale ilipofikia, boriti ya kati ikabaki na bolti zake uchi. Akashuka.

"Uelese, kusanya vyombo."

Kwetu fundi akiondoka kwa kudharauliwa, hakuna fundi mwingine wa kumalizia. Philippa hakulijua hilo. Halikuwemo kwenye tableti. Akaita fundi wa pili, wa tatu, wa nne. Kila mmoja alifika, akatazama juu, akauliza, "Ya nani hii?" Akitajiwa jina tu, huyo, kavaa ndala.

Ndipo hoteli ikamwendea Uelese na ahadi: kazi ya kudumu, nyumba ya kukaa; naye mkewe ana mimba ya miezi minane. Akaenda kwa Pesamino, akakaa chini.

"Mjomba, umesikia walichoniahidi?"

"Nimesikia."

"Mbona hunikatazi?"

"Mikono ni yako. Mimi niliifundisha tu."

Uelese akakuna kichwa. "Basi nimekataa. Ila nitafutie paa lingine upesi, Mjomba, maana nikimwambia mke wangu, nahamia kwako."

Juzi wamebandika tangazo: anatakiwa fundi wa kamba, kutoka kisiwa chochote, haraka. Wanafungua mwezi ujao. Na Pesamino hadai makubwa: waje na mkeka wa heshima waombe radhi, kisha wamlishe palepale ukumbini, yeye kwanza.

Basi wewe unayejua kufunga, wakikupigia, kata simu. Na wewe usiyejua kufunga hata viatu, usilale hoteli ile mpaka fundi ale.