Kuni Zilizofungwa kwa Leso

Miaka ya sabini nilifundisha bayolojia karibu na Makindu, na likizo zangu zote ziliishia kwenye vilima vikavu nyuma ya boma la mama mkwe. Nilikuwa nikiweka kumbukumbu za mdudu mmoja ambaye hata wenyeji hawakuweza kunitajia jina lake. Ana mabawa ya kereng'ende na vipapasio virefu vyenye kifundo nchani. Mchana hutulia mkia juu, ukadhani naye ni kijiti. Waliokomaa niliwaandika kilima baada ya kilima, lakini watoto wao sikuwahi kuwaona, na niliwatamani kuliko kupandishwa cheo.

Mwisho wa likizo ya Aprili nikapata mayai, safu mbili kwenye tawi kavu la mgunga. Chini yake mama mtu alikuwa amejenga ua wa vijiti vidogo, sisimizi wasipande. Nilifunga tawi kwa kipande cha leso yangu nisilipoteze, nikashuka nikiimba.

Sasa, mimi nilizaliwa upande wa Mlima Kenya. Nani angeniambia kwamba kijijini pale kitambaa kwenye tawi kavu maana yake ni kuni zenye mwenyewe, ameenda tu kutafuta kamba?

Jioni nilimkuta mama mkwe akitua mzigo mgongoni, anahema, anatabasamu.

"Mwalimu, nimekuletea kuni yako. Niliona leso nikajua ni wewe."

Hasira zangu ziko karibu sana. "Mama, nani alikutuma?" nikafoka, kisha nikaanza kulia.

Tabasamu lake lilizimika, na hilo likaniuma kuliko mayai. Tangu niolewe tulikuwa tumeishi kwa adabu ya wageni, yeye na "mwalimu" wake, mimi na "asante mama" yangu. Mzigo ule ulikuwa kitu cha kwanza kunifanyia bila kuombwa.

Nilipomweleza, alipiga magoti nami tukapekua kuni, kijiti kwa kijiti. Yeye ndiye aliyeyaona, mazima na ua wake. Nilichomeka kijiti chini ya nyasi za paa la jiko, mbuzi wasikifikie, na kesho yake nikarudi shuleni mbio mbio, maana wanafunzi walikuwa wanafika.

Niliporudi mwisho wa mwezi alinipokea langoni.

"Wadudu wako walitoka juzi asubuhi. Walikaa pamoja kwa hicho kijiti, wamebanana, mdomo wazi. Halafu leo wakashuka mmoja mmoja wakaingia kwa majani."

Niliandika kila neno. Kisha nikaingia jikoni kuota moto, kwa sababu mvua ilikuwa imeninyeshea njiani. Jiko lilikuwa baridi. Mafiga hayakuwepo. Niliyakuta nyuma ya nyumba, upepo ukiyapiga, sufuria juu yake imefunikwa kipande cha mabati.

"Mama, umekuwa ukipikia nje na mvua hii yote?"

"Sasa hao watoto wako," akasema, "ningewawekea moshi?"